Laptopu Yenye Mifumo Miwili na Sauti Inayopotea: Historia Fupi kwa Walimu wa Kiswahili

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya tatizo moja linalojulikana sana na watumiaji wa kompyuta, lakini ambalo ni nadra kujadiliwa katika kurasa za lugha. Tatizo lenyewe ni la laptopu, au kipakatalishi kama wanavyoiita wenzetu wa Kenya, iliyowekewa mifumo endeshi miwili: Windows na Linux. Ikiwashwa kwa mfumo mmoja inatoa sauti vizuri. Ikiwashwa kwa mfumo wa pili inakuwa kimya kama jiwe. Mwenye nacho hudhani kifaa kimeharibika, akakipeleka kwa fundi, na wakati mwingine akanunua spika mpya zisizohitajika.

Kwa mhasibu, laptopu isiyotoa sauti bado ni laptopu. Kwa mwalimu wa lugha hali ni tofauti, kwa sababu sauti ndiyo malighafi yake. Matamshi, shadda, kiimbo, ngano na mahojiano na wazee, yote hupitia katika spika na maikrofoni. Hoja yetu ni kwamba ukimya huu kwa kawaida si ubovu wa kifaa, bali ni matokeo ya namna sauti ilivyoingizwa katika kompyuta hatua kwa hatua, kila hatua ikijengwa juu ya iliyotangulia. Anayeifahamu historia hiyo anajua aanzie wapi kutafuta sauti iliyopotea.

Kwa nini Kuluba

Tumeamua kuliangalia jambo hili tukiwa na mwalimu wa Kuluba akilini. Kuluba ni kata ya wilaya ya Koboko, kaskazini-magharibi kabisa mwa Uganda, katika eneo la West Nile. Koboko ilikuwa sehemu ya wilaya ya Arua hadi mwaka 2005 ilipopewa wilaya yake. Ukifuata barabara kuelekea kituo cha mpaka cha Oraba unafika Kaya, Sudan Kusini, na mpaka wa Kongo nao hauko mbali.

Ardhi hii imebadilishana wenyewe mara nyingi. Ilikuwa ndani ya eneo la Lado lililoshikwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ikapita chini ya Sudan mwaka 1910, kisha West Nile ikaunganishwa na Uganda mwaka 1914. Wakakwa, ambao ndio wenyeji wengi wa Koboko, wamo katika nchi zote tatu. Kiswahili nacho kilifika hapa kwa njia zaidi ya moja: kwa biashara, kwa majirani wa Kongo, na hasa kwa jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902, ambalo Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kazi. Mwaka 1973 Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ulihusishwa na Koboko, alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Baada ya vita vya 1979 watu wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire, na waliporudi katika miaka iliyofuata walirudi na lugha za huko walikoishi. Vita vya Sudan Kusini vilipopamba moto mwaka 2016, wakimbizi walivuka tena kwa maelfu, na Kuluba ikawa mojawapo ya mahali pa kuwapokea.

Kwa hiyo Kiswahili cha pembe hii ya Uganda ni lugha iliyosikika zaidi kuliko ilivyoandikwa. Anayetaka kukieleza hawezi kutegemea maktaba. Ni lazima aketi na wasemaji na kunasa sauti zao. Lugha za jirani, Kikakwa na Kilugbara, ni lugha za toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno. Mtafiti anayetaka kuona jinsi lugha hizo zinavyokiathiri Kiswahili cha wasemaji wake hatafika mbali kwa kalamu na daftari peke yake.

Kuna haraka pia. Askari aliyejifunza Kiswahili kambini kabla ya 1979 leo ni mzee. Kwa upande mwingine, mafundisho ya lugha hii yanatarajiwa kupanuka: marekebisho ya katiba ya 2005 yaliiweka kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwalimu atakayepewa kazi hiyo mbali na Kampala atahitaji kifaa cha kusikilizisha na kunasa, na mara nyingi kifaa hicho kitakuwa laptopu iliyokwisha kutumiwa na watu wengine.

Mifumo miwili katika nyumba moja

Je, mifumo miwili iliingiaje katika laptopu moja? Katika muongo wa 2000 kompyuta nyingi za Afrika Mashariki ziliendeshwa na Windows, hasa Windows XP iliyotoka mwaka 2001, na nakala nyingi hazikuwa na leseni. Wakati huohuo harakati za programu huria zilishika kasi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa OpenOffice.org kwa Kiswahili, ikajulikana kama Jambo OpenOffice. Hapa Uganda, Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs, Nkozi, kilikuwa miongoni mwa vyuo vya mwanzo kuamua kuhamia programu huria. Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akazindua Ubuntu, mfumo wa Linux uliopewa jina lenye maana ileile ya utu tunayoijua katika lugha za Kibantu. Hadi mwaka 2011 mtu aliweza kuomba CD za Ubuntu zikatumwa kwa posta bila malipo, jambo lililokuwa na uzito mkubwa mahali ambapo kupakua mfumo mzima kwa intaneti kungechukua siku kadhaa.

Wengi hawakuthubutu kuifuta Windows. Walikuwa na kazi zao humo, na programu nyingine hazikuwa na toleo la Linux. Basi waliigawa diski mafungu mawili, wakaweka mfumo wa pili kando ya ule wa kwanza, na kila walipowasha kompyuta walichagua kwenye menyu. Lilikuwa suluhisho la busara, lakini lilizaa hali mpya: wapangaji wawili, kila mmoja akiwa na mazoea yake, wakitumia spika zilezile kwa zamu.

Sauti ilivyojengwa tabaka kwa tabaka

Tabaka la kwanza ni kifaa chenyewe. Kompyuta za mezani za zamani zilikuwa na kadi ya sauti ya kuchomeka. Maarufu zaidi ilikuwa Sound Blaster ya kampuni ya Creative ya Singapore, iliyotoka mwaka 1989. Kadi ilikuwa na jina linalojulikana, na mfumo ulijua unaongea na nani. Mwaka 1997 Intel ilitoa kanuni za AC'97, na mwaka 2004 zikaja kanuni za High Definition Audio, ambazo ziliiweka sauti katika chipu ndogo iliyounganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu.

Bei ilishuka na laptopu zikawa nyembamba, lakini hapo ndipo mzizi wa tatizo letu ulipo. Chipu inaweza kuwa moja, tuseme ya Realtek wa Taiwan, lakini kila mtengenezaji wa laptopu huziunganisha nyaya zake atakavyo. Mmoja huunganisha spika kwenye mguu huu wa chipu, mwingine kwenye mguu ule. Laptopu hubeba orodha ya kuueleza mfumo endeshi mguu upi ni wa spika, upi wa hedifoni na upi wa maikrofoni. Orodha hiyo mara nyingine ina makosa. Kwa upande wa Windows mtengenezaji huyarekebisha kimyakimya katika kiendeshi anachokitoa, yaani ile programu inayouwezesha mfumo kuongea na kifaa. Kwa upande wa Linux, marekebisho husubiri mpaka mtu mwenye laptopu ya aina hiyo atoe taarifa, kisha yaandikwe na kuingizwa katika toleo jipya. Ndiyo maana laptopu ileile huimba upande mmoja na kunyamaza upande wa pili, na ndiyo maana kusasisha mfumo wa Linux mara nyingi hurudisha sauti bila kugusa kitu kingine.

Tabaka la pili ni viendeshi vya Linux. Mwaka 1992 Hannu Savolainen wa Finland alianza kazi iliyokuja kuitwa OSS. Ilifanya kazi, lakini kwa kadi nyingi programu moja tu ndiyo iliyoweza kutoa sauti kwa wakati mmoja. Programu ya muziki ikishika kifaa, nyingine zote zilibaki bubu. Mwaka 1998 Jaroslav Kysela wa Ucheki alianzisha ALSA, ambayo iliingizwa rasmi katika kiini cha Linux toleo la 2.6 la Desemba 2003. ALSA ilikuwa na desturi moja iliyowasumbua wengi: baada ya kuwekwa, njia zote za sauti zilikuwa zimezimwa mpaka mtumiaji azifungue. Katika programu ya alsamixer, njia iliyozimwa huonyeshwa kwa herufi MM, na hufunguliwa kwa kubonyeza herufi M. Hadi leo hiki ni kitu cha mwanzo kukiangalia.

Tabaka la tatu ni msimamizi anayepokea sauti za programu zote na kuamua ziende wapi. Lennart Poettering alianza kazi hiyo mwaka 2004, na tangu 2006 ikaitwa PulseAudio. Fedora iliichukua mwaka 2007 na Ubuntu mwaka 2008, kukiwa na malalamiko mengi kwa sababu iliyafichua makosa ya viendeshi yaliyokuwa yamejificha. Baadaye ilikuja PipeWire ya Wim Taymans, ambayo Fedora iliichukua mwaka 2021 na Ubuntu mwaka 2022. Kosa la kawaida katika tabaka hili ni sauti kupelekwa mahali pasipo na msikilizaji, kwa mfano kwenye tundu la HDMI la kuunganishia televisheni, wakati mtu anasubiri spika. Hakuna kilichoharibika. Ni kuchagua njia sahihi tu katika mipangilio ya sauti.

Mfumo mmoja unapomwachia mwenzake

Yote tuliyoyaeleza yanaweza kutokea hata katika laptopu yenye Linux peke yake. Lakini kuna jambo la mifumo miwili hasa. Chipu ya sauti huwa na hali: imewashwa au imelazwa, tundu hili limefunguliwa, lile limefungwa. Windows huipanga hali hiyo itakavyo. Mtumiaji akichagua kuiwasha kompyuta upya ili ahamie Linux, umeme haukatiki kikamilifu, na chipu inaweza kubaki katika hali ileile aliyoiacha mpangaji wa kwanza. Linux inapoingia hukuta mlango umefungwa kwa namna isiyoijua. Hali hiyo huweza kutokea pia kinyume chake, kutoka Linux kwenda Windows. Dawa yake ni rahisi: badala ya kuwasha upya, zima kabisa, chomoa waya wa chaji, subiri kidogo, kisha washa na uchague mfumo unaoutaka.

Mwaka 2012 Windows 8 ilileta utaratibu uitwao Fast Startup, uliopo pia katika matoleo yaliyofuata. Kwa utaratibu huu, mtu anapochagua kuzima, Windows haijifungi yote. Sehemu yake ya ndani huhifadhiwa kwenye diski kama iliyolala, ili iamke haraka kesho yake. Wenye umeme wa mashaka waliupenda, kama walivyopenda kuilaza kompyuta ili kuokoa chaji. Tukumbuke kwamba mji wa Arua na majirani wake waliishi kwa miaka mingi na umeme wa jenereta, mpaka kituo cha maji cha Nyagak chenye megawati 3.5 kilipoanza kazi mwaka 2012, na vijijini wengi waliendelea kutegemea sola.

Lakini katika laptopu ya mifumo miwili utaratibu huo una gharama. Fungu la diski la Windows hubaki kama chumba ambacho mwenyewe amelala ndani yake. Linux kwa kawaida hukubali kusoma humo lakini hukataa kuandika, kwa kuogopa kuharibu data. Mwalimu anayejaribu kuhifadhi rekodi upande huo akiwa Linux hukuta haikubali. Kwa sababu hiyo tunashauri Fast Startup izimwe katika mipangilio ya umeme ya Windows kwenye laptopu yoyote yenye mifumo miwili.

Maikrofoni na mafaili

Hadi hapa tumezungumzia zaidi spika. Hata hivyo, kwa kazi ya utafiti hatari kubwa iko kwenye maikrofoni. Spika iliyonyamaza hujitangaza papo hapo: wanafunzi wanamtazama mwalimu, mwalimu anaitazama laptopu. Maikrofoni iliyonyamaza haijitangazi. Programu ya kunasa huonyesha dakika zikienda, faili linaongezeka ukubwa, mzee anasimulia kwa saa nzima, na kilichohifadhiwa ni kimya. Jambo hilo hugunduliwa mzee akiwa ameshakwenda zake, na simulizi ya pili haiwi sawa na ya kwanza.

Katika laptopu za miaka ya karibuni hatari hiyo imeongezeka. Nyingi zina maikrofoni za kidijiti zinazopitia kichakataji maalumu cha sauti. Katika Linux, nyingi kati ya hizo huhitaji programu ya ndani itokanayo na mradi wa Sound Open Firmware uliotangazwa mwaka 2018. Bila hiyo, Linux inaweza kushindwa kabisa kuiona maikrofoni, ingawa katika Windows inafanya kazi vizuri.

Tatizo jingine hufanana na ukimya lakini si ukimya wa kifaa. Ni muundo wa faili. Kinasa sauti cha Windows XP kilihifadhi WAV, tena kwa kawaida kilikoma baada ya sekunde 60. Kile cha Windows Vista kilihifadhi WMA, muundo wa Microsoft. Kwa upande wa Linux, matoleo mengi hayakuja na uwezo wa kucheza MP3 kwa sababu ya hataza, ambazo zilifikia mwisho wake kwenye mwaka 2017. Miundo huria kama FLAC ya mwaka 2001 na Ogg Vorbis ya mwaka 2002 ilichezwa bila shida katika Linux, lakini Windows ya wakati huo haikuifungua bila nyongeza. Kwa hiyo somo lililonaswa upande mmoja lilikataa kusikika upande wa pili, na lawama zikaenda kwa spika zisizo na hatia.

Suluhisho lilikuwepo tangu zamani. Programu ya Audacity, iliyotolewa mwaka 2000 na kuanzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, hufanya kazi katika mifumo yote miwili. Praat, iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam kwa uchanganuzi wa sauti za lugha, nayo ni hivyohivyo. Zote hazilipiwi. Zote husoma WAV, muundo ambao hadi leo hufunguka popote.

Utaratibu tunaoupendekeza

Kutokana na historia hiyo, tunapendekeza mwalimu mwenye laptopu ya aina hii atafute sauti kwa mpangilio ufuatao.

Kwanza, autumie mfumo wa pili kama shahidi. Sauti ikisikika Windows na isisikike Linux, spika ni nzima na hakuna haja ya kununua nyingine. Ikikosekana kote, ajaribu hedifoni kabla ya kumwita fundi.

Pili, azime kabisa, asiwashe upya, kisha ajaribu tena.

Tatu, aangalie kama njia ya sauti imezimwa, na kama njia iliyochaguliwa ni spika au ni HDMI.

Nne, asasishe mfumo wa Linux. Mahali ambapo intaneti ni ghali, asasishe anapofika mjini Arua au Koboko, si siku ya mahojiano.

Tano, kabla ya kununua au kuweka mfumo mpya, auwashe kutoka kwenye flashi bila kuuweka, asikilize spika, na anase sauti yake mwenyewe.

Sita, kabla ya mzee kuanza kusimulia, anase nusu dakika, aisikilize kwa hedifoni katika mfumo uleule atakaoutumia, ndipo aendelee. Ahifadhi kwa WAV, na atie nakala kwenye flashi kabla ya kuhama kwenda mfumo wa pili. Akiweza, aweke pia simu ikinasa kando.

Hitimisho

Tumeona kwamba ukimya wa laptopu yenye mifumo miwili una tarehe zake na sababu zake: chipu ya 2004 isiyofungwa nyaya kwa namna moja, viendeshi vilivyosubiri marekebisho, wasimamizi wa sauti waliobadilishwa mara mbili, na kuzima kusikozima tangu 2012. Katika vyuo, ujuzi huu umeachiwa idara za kompyuta. Tunadhani umefika wakati somo la mbinu za utafiti katika idara za Kiswahili liwe na saa chache za kunasa sauti, na mwanafunzi asiende uwandani mpaka aonyeshe rekodi ya nusu dakika aliyoinasa, akaihifadhi na kuifungua katika mifumo yote miwili. Gharama yake ni ndogo. Wasemaji wa Kiswahili wa Kuluba waliokijua kabla ya 1979 hawatatungoja tujifunze baada ya kurudi na mafaili matupu.